Gari la Desemba na Gari la Jumamosi

Nakumbuka siku moja, Jumamosi asubuhi, nilitumwa Upanga kwenda kumnyang'anya shangazi yangu ufunguo wa gari. Neno hilo la kunyang'anya walionituma hawakulitumia. Walisema nikaongee naye vizuri, eti sisi wanawake tutaelewana. Lakini wewe mwanangu umekulia Kariakoo, unajua mtu akiambiwa akaongee vizuri na mwenzake, maana yake uamuzi umeshapita.

Keti nikusimulie, na hiyo simu iweke mezani. Gari ulilonionyesha jana nimeliona, nimelisifia, na kweli ni zuri. Sikukatazi. Ila kabla hujatoa neno lako kwa huyo anayeliuza, nataka nikurudishe kwenye Jumamosi hiyo, kwa sababu hata mimi nilikuwa na gari kichwani, tena kubwa kuliko hilo lako.

Wakati huo nilikuwa kijana, sijaolewa, nauza masufuria na chupa za chai kwa jumla pamoja na kaka yangu Eliya, pale Mtaa wa Kongo. Biashara ilikuwa imeanza kutunyookea. Na unatujua sisi watu wa Kilimanjaro. Mwaka mzima tunabanana mjini na kula maharage, lakini ikifika Desemba lazima twende nyumbani, na tukifika lazima tuonekane. Barabara ya kaskazini inajaa magari yaliyooshwa. Mtu akianza kupanda mlima anapunguza mwendo kabisa na kushusha vioo, ili majirani wapate muda wa kuulizana huyo ni nani. Wapo watu hapa Kariakoo wanaonunua gari kwa ajili ya wiki hiyo moja tu. Miezi mingine yote gari linawatazama na wao wanalitazama. Tunaliita gari la Desemba, tunacheka sana, halafu na sisi tunakwenda kununua letu.

Mimi langu nilikuwa nimeshalipata. Jeusi, refu kwenda juu, viti vya ngozi, injini yenye nguvu za kuvuta lori lililokwama. Mwenye nalo aliniachia siku moja nizunguke nalo, nikalipitisha Msimbazi, nikalipitisha mbele ya duka letu makusudi ili majirani waone. Niliposhuka mikono ilikuwa inatetemeka. Nikajua ni furaha. Nilikuwa nimeshajiona Desemba, nateremka mbele ya kanisa la nyumbani, mama yangu anajifanya hashangai. Kilichobaki kilikuwa kujaziliza fedha kidogo tu, na hapo ndipo kigari cha Shangazi Aika kilipoingia kwenye mazungumzo ya wakubwa.

Shangazi Aika alikuwa dada mkubwa wa baba yetu. Mkunga mstaafu, akiishi peke yake kwenye fleti ya Upanga, karibu na ile hospitali kubwa. Mungu hakumjalia mtoto wa kumzaa, lakini alikuwa amedaka watoto wa watu wengi hata akawa hapiti mtaa bila kuamkiwa. Alikuwa mwanamke wa maneno machache yenye pilipili. Na alikuwa na kigari chake: kidogo, milango miwili, rangi ya maziwa, vioo vipana, usukani mwembamba kama mpini wa mwiko, na gia za mkono. Kila Jumamosi asubuhi alikipeleka Feri kununua samaki, akakipeleka Kariakoo kununua ndizi za kupika, akarudi nacho nyumbani. Njia fupi alikuwa haipiti. Ukimwuliza kwa nini, anasema samaki hawajalalamika.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Ugonjwa huo, mwanangu, ni mwizi mpole. Unaanza kukuibia pembeni, mbele unakuachia, hivyo mtu anaendelea kujidanganya kwamba anaona. Shangazi alijidanganya mpaka siku aliyougonga mkokoteni wa machungwa, Mtaa wa Sikukuu. Hakuumia mtu, tunamshukuru Mungu. Machungwa yalitapakaa, wapita njia wakayaokota na kuyala palepale. Lakini mkokoteni ulikuwa ubavuni mwake kabisa, mchana kweupe, na hakuuona.

Kaka Eliya aliita kikao cha ndugu. Ikaamuliwa kwamba Shangazi asishike tena usukani. Nikuambie ukweli, hapo walikuwa na haki. Mtu asiyeona mkokoteni haachiwi gari, awe nani. Lakini wakaongeza la pili, kwamba gari liuzwe upesi kabla halijachakaa zaidi, na kitakachopatikana kinisogeze kwenye lile jeusi, kwa sababu lingekuwa gari la ukoo na Shangazi naye angepanda. Mteja alikuwa ameshapatikana. Angekuja jioni ya Jumamosi hiyohiyo dukani kwetu. Ndipo nikatumwa.

Nilipanda ngazi za ile nyumba huku nikipanga maneno. Nilimkuta amevaa gauni lake la bluu, kiatu mguuni, kikapu mkononi.

Nikamwamkia, "Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, Manka. Umechelewa. Mtu anayekuja kuchukua ufunguo huja mapema kabla mwenye gari hajatoka."

Maneno yangu yote yakanipotea kwenye ngazi. Nani alimwambia sikujua, na mpaka leo sijajua. Nilianza kusema habari ya macho, habari ya daktari, habari ya kaka, akaninyanyulia mkono kama aliyekuwa akiwanyamazisha wazazi wapya wodini. Akasema hajakataa. Yale machungwa alikuwa akiyaota kila siku, na mara nyingine kwenye ndoto hayakuwa machungwa. Ufunguo angeutoa leo, mwenyewe, kwa mkono wake. Ila samaki wa Jumamosi lazima wanunuliwe, na kwa kuwa yeye haendeshi tena, nitaendesha mimi. Feri, Kariakoo, basi. Tukifika dukani kwa Eliya, ufunguo ni wenu.

Niliona amenirahisishia kazi. Kumbe, mwanangu, kuishi kwingi ni kuona mengi.

Aibu ilianzia getini. Gari za gia nilijifunza chuo cha udereva, nikafaulu, nikasahau. Yale niliyozoea kuendesha yalikuwa yanajibadilishia gia yenyewe. Nikakanyaga, nikaachia, kigari kikaruka kama mbuzi kikazima. Nikawasha tena, kikazima tena. Mlinzi wa pale akageukia ukutani acheke kwa heshima. Shangazi alikuwa ametulia, kikapu mapajani, uso mbele. Akaniambia nisikilize kwa mguu. Kuna mahali klachi inashika, akasema, na gari lenyewe litakuambia, litatikisika kidogo chini ya kisigino chako, hapo ongeza mafuta na uachie taratibu. Nikajaribu. Nikausikia ule mtikisiko. Tukatoka getini polepole, na mlinzi akapiga makofi.

Nilidhani atanielekeza njia ya mkato. Akasema kushoto, tufuate barabara ya pembeni mwa bahari.

Pale mwanzoni niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Shangazi akavumilia, kisha akashindwa. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mtu anayekwenda harusini akacheza akiwa amekunja mikono. Akanifundisha, na ufundi wake aliufundisha kwa maneno ya kawaida kabisa. Gia ya pili usiiache mapema, akasema, iache iimbe kwanza. Kona ikija, punguza kabla hujaingia, usipunguze ndani yake. Halafu tazama unakokwenda, si mbele ya bampa. Usukani usiukabe, haujakukosea kitu.

Basi nikaifanyia hivyo kona ya kwanza, ile ya mkono wa kulia penye miti. Nikapunguza, nikaingiza gia ya pili, nikageuza. Kigari kikainama kidogo upande mmoja, kikashika njia, nikahisi barabara yote mikononi mwangu, mpaka viraka vya lami na mchanga ulioletwa na upepo. Nikaongeza mafuta, injini ikapandisha sauti, nikaingiza ya tatu. Upepo wa bahari ukaingia dirisha moja ukatokea la pili. Nikajikuta nacheka. Sijui nilikuwa nacheka nini. Nilikuwa nimeendesha magari miaka kadhaa na hakuna lililowahi kunichekesha.

Mbele kidogo trafiki akatoka kivulini akanyoosha mkono. Nikajua nimekwenda mbio, nimekwisha, kaka atasema nini. Nikasimama pembeni, nikashika leseni tayari. Kijana wa watu akainama dirishani, akamwamkia Shangazi, kisha akanitazama usoni kwa muda.

"Dada, nimekuona unacheka peke yako," akasema. "Nikasema nikuulize kama uko sawa."

Nikamwomba radhi kwa mwendo. Akaniuliza mwendo upi. Akanionyesha bajaji iliyokuwa inaishia mbele yetu, akasema ile ilitupita zamani, ina abiria watatu na gunia la mkaa. Akatuaga, akarudi kivulini kwake.

Tukaanza kwenda. Shangazi akasema, taratibu tu, "Umeona? Raha yote ile, na sheria hatujavunja hata moja."

Feri tulikuta mnada wa samaki umechangamka. Mimi nilibeba kikapu, yeye akanishika kiwiko. Hakuwa amewahi kunishika kiwiko. Alipofika kwa mchuuzi wake wa siku zote akachukua kolekole, akaingiza kidole kwenye mashavu ya samaki, akamnusa, akabonyeza mgongo. Nikadhani ndiyo ujuzi wake. Kisha akaninong'oneza sikioni, "Manka, mashavu ni mekundu au yamepauka?"

Nikamwambia mekundu. Akashukuru, akamlipa mchuuzi akiwa amenyanyua kidevu, kama mtu aliyejionea mwenyewe. Mimi nilitazama pembeni kwa sababu machozi yalikuwa yananijia, na yeye angeyasikia hata kama asingeyaona. Mpaka dakika ile nilikuwa sijaelewa tunamnyang'anya nini. Nilidhani ni ufunguo. Yule alikuwa mwanamke aliyekwenda kazini saa yoyote anayoitwa, hakuwahi kumwomba mwanamume ampeleke popote, na sasa alikuwa anapokonywa dunia kipande kwa kipande, na ile Jumamosi yake ndiyo ilikuwa kipande cha mwisho.

Tuliporudi garini nilikaa bila kuwasha. Nikamwuliza kama ataniruhusu tusiende Kariakoo, nimrudishe kwake, nikamwambie kaka kwamba nimeshindwa. Akakataa. Alisema ahadi ni ahadi, na pia ndizi hana.

Tulipofika Mnazi Mmoja foleni ikatukamata. Gia ya kwanza, simama. Ya kwanza, ya pili, simama. Kwenye lile gari jeusi foleni hii ingekuwa kukaa tu kama uko sebuleni, unapigwa na kiyoyozi, unaangalia watu kwa mbali. Kwenye kigari cha Shangazi nilikuwa na kazi mikononi na miguuni, na kila nilipoondoka vizuri bila kumtikisa nilijisifu moyoni. Basi mgema akisifiwa. Nikachelewa kubadilisha, injini ikalia, na kabla sijakumbuka, nikaona mkono wake wa kulia umekuja juu ya kile kirungu cha gia. Ulikuja wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Yeye mwenyewe akashtuka, akataka kuuondoa.

Nikamwambia, "Uache hapohapo, Shangazi."

Akauacha.

"Mimi nakanyaga," nikamwambia. "Wewe ingiza."

Hiyo ndiyo siku, mwanangu, iliyonifunza kuendesha gari. Magari yetu usukani uko kulia, abiria yuko kushoto, na gia iko katikati yao, inafikiwa na wote wawili. Nilibaki na usukani, breki, klachi na macho. Yeye akabaki na gia na masikio. Mwanzoni tulikosana, nikakanyaga kabla hajawa tayari, akaingiza kabla sijakanyaga, gia zikasaga meno na muuza karanga akatupigia kelele tusiue gari. Kisha tukapatana. Alikuwa anasikiliza injini, anasema, "Bado... bado... haya," nami nakanyaga, na mkono wake unateleza bila hata kulazimisha. Baada ya muda hakusema tena. Nilikuwa nasikia mwenyewe pale anaposikia yeye.

Tukaingia Kariakoo namna hiyo. Unajua Kariakoo ya Jumamosi ilivyo. Wapagazi wana magunia vichwani na hawageuki, mikokoteni inatoka huku, machinga wamepanga viatu mpaka katikati ya njia, na kila mtu ana haki ya kupita kabla yako. Nilikuwa nimepita hapohapo juzi yake na lile jeusi. Ndipo nilipokumbuka mikono ilivyonitetemeka, nikajua haikuwa furaha, ilikuwa hofu. Mchana kutwa nilikuwa nimeogopa kukwaruzwa. Sikuona pua ya gari inaishia wapi, sikuona miguu ya watu, kila mkokoteni niliuona ni adui. Kwenye kigari hiki nilijua kila pembe yake. Vioo vipana vilinionyesha kila upande, na mahali penye nafasi ya mbuzi tulipita. Tulikuwa tumekaa chini sawa na watu, vioo wazi, na watu walikuwa wanatuamkia. Mama wa ndizi alimwona Shangazi kaweka mkono kwenye gia na mimi nipo kwenye usukani, akashika kiuno akauliza haya ni mambo gani. Shangazi akamjibu kwamba ameajiri dereva nusu.

Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamshuka na alikuwa anacheka, wala hakuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa kazini.

Tulipokaribia duka nikasimamisha pembeni, na hapo ndipo aliponikemea. Hakupandisha sauti. Alikuwa bado anatazama mbele, mahali asipopaona vizuri.

"Manka, lile jeusi lako zile nguvu zake utazitumia wapi? Hapa? Hiyo ni kuchemsha chai ya mtu mmoja kwenye sufuria la harusi. Unanunua gari kwa ajili ya macho ya watu wa wiki moja, halafu mwaka mzima utaliogopa. Mimi macho yananiacha, na bado leo nimefurahi hapahapa kwenye foleni. Wewe unayeona, unataka nini zaidi?"

Akachomoa ufunguo mwenyewe, akauweka kwenye kiganja changu, akanikunja vidole. Akasema ameshautoa kama alivyoahidi, na atakayekuwa nao afanye atakavyo. Yeye hatauliza tena.

Nikaufumbata ule ufunguo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni bila kujua kwamba linanihusu.

Jioni mteja alikuja. Kaka Eliya alikuwa ameshamwekea kiti na soda. Nikatoka nyuma ya masufuria nikawaambia kwamba gari haliuzwi. Shangazi hataendesha, hilo nakubali, lakini kigari kitabaki, na nitakiendesha mimi. Kaka alikasirika, naye nilimwelewa, maana alikuwa ametoa neno lake mbele ya mtu. Alinikumbusha Desemba, akaniuliza nitakwenda nyumbani na nini, na kile kibati? Nikamwambia nitapanda basi. Na kweli nilipanda basi, mwanangu, nikashuka stendi na masanduku yangu kama mwanafunzi, na walioniona walisema walichosema. Maneno matupu hayavunji mfupa. Mama yangu aliniuliza kama biashara imekufa. Nikamwambia biashara ipo, na nikamsimulia habari ya dada wa mumewe na gia, akacheka mpaka akashika mlango.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda Upanga. Feri, Kariakoo, nyumbani, kwa njia ndefu. Macho yake yakaendelea kwenda zake mpaka yakaisha kabisa, lakini mkono haukupungukiwa kitu. Alikuwa anajua tulipo kwa mlio wa matairi. Hapa tumepita Feri, anasema, hapa ni penye reli ya zamani, hapa Manka umekosea njia. Siku nilipokuwa na huzuni alijua kwa namna ninavyoachia klachi. Nilipopata mchumba nilimpeleka kwake kwa gari hilo, nikamkalisha nyuma, na Shangazi akaniambia baadaye kwamba huyo mwanamume anafaa kwa sababu amekaa njia nzima bila kumfundisha mtu kuendesha. Na akafaa kweli.

Alipofariki tulimpeleka nyumbani kumzika. Wiki iliyofuata, Jumamosi, niliingia garini peke yangu. Nilipofika Mnazi Mmoja nikakanyaga klachi nikangoja. Nikangoja, injini inalia, watu wa nyuma wanapiga honi. Ndipo nikakumbuka kwamba sasa ni lazima niingize mwenyewe. Nililia pale barabarani bila kujificha, na hakuna aliyenitukana, hata dereva wa lori.

Ukitazama kile kirungu cha gia leo utaona upande wa kushoto kimelika zaidi kuliko kulia. Huo ni mkono wa Shangazi Aika.

Basi mwanangu, nakurudisha kwako. Sikuambii ununue kigari kibovu. Vyuma vimechoka, mafundi wamenizoea, na mvua ikinyesha kiti cha nyuma kinalowa, usije ukasema sikukwambia. Sikuambii pia kwamba gari kubwa ni dhambi. Mwenye familia ya watu tisa na shamba la Kilosa, mwache achukue lake. Ninachokuambia ni kwamba kabla hujanunua, jiulize utaliendesha wapi siku nyingi za maisha yako, na uchague gari la siku hizo. Chagua jepesi linalokuitikia unapoligusa. Chagua lenye vioo vya kukuonyesha miguu ya watu. Chagua lenye nguvu kidogo, ili uzitumie zote bila kumtia mtu hatarini, kuliko lenye nguvu ambazo hutathubutu kuziamsha. Likupe kazi, maana kazi ndogo ya mikono ndiyo inayomfanya mtu asichoke na njia. Na usinunue kitu ambacho utaogopa kukitumia.

Halafu la pili, na hili halihusu magari tu. Unapotumwa kumnyang'anya mzee kitu, hata kama wanaokutuma wana haki, angalia kwanza kama kuna kipande unachoweza kumwachia. Shangazi hakuhitaji usukani. Alihitaji gia tu. Tungemwachia mapema kama mmoja wetu angeuliza.

Na sasa sikiliza la mwisho, maana hukuja hapa kwa bahati mbaya. Goti langu la kushoto limekwisha. Daktari amesema, na ngazi za nyumba hii zimesema kabla yake. Klachi siiwezi tena. Wiki mbili hizi kigari kimelala pale chini, kimefunikwa turubai, na kaka yangu Eliya, uzee haumfundishi, ameshaanza kuulizia wateja. Macho yangu mazima. Masikio mazima. Mkono huu hapa, ushike uone kama una ugonjwa.

Kwa hiyo hilo lako la kwenye simu utalinunua au utaliacha, shauri yako, wewe ni mtu mzima. Lakini Jumamosi njoo mapema, kabla jua halijawa kali. Mungu akulinde njiani na akuepushe na macho ya watu, akupe barabara yenye watu wa kukuamkia, na akupe uzee ambao ndani yake atakuwepo mtu wa kukuambia, kama nilivyomwambia Shangazi yangu, uache mkono wako hapohapo. Samaki tutachukua Feri, ndizi tutachukua Kariakoo. Wewe utakanyaga, mimi nitaingiza.